Kabla Hujanunua Kontroli Boksi

Gari lenye taa ya ABS inayowaka likifika gerejini kwangu hapa Tukuyu, mara nyingi linakuja limeshahukumiwa: kontroli boksi limekufa. Mwenye gari ameambiwa hivyo na fundi wa kwanza, ameshapiga simu Mbeya mjini kuulizia bei, na wapo wanaofika na boksi la mtumba limefungwa kwenye rambo, wakitaka mimi nilifunge tu tumalizane. Mimi ni fundi umeme wa magari, mwanamke, na kazi hii ndiyo iliyosomesha wanangu. Nasema bila kumung'unya maneno: mengi ya maboksi hayo hayana kosa. Kosa liko kwenye waya, kwenye beringi, kwenye betri, na zaidi ya hapo liko kwenye namna tunavyolipana. Kwetu fundi analipwa akifunga kitu. Akitafuta tatizo, halipwi.

Kuna atakayeuliza hili linawahusu nini wasomaji wa gazeti wasio na gari. Linawahusu kwa sababu wanapanda Noah na Kosta. Tukuyu iko mita kama 1,600 kutoka usawa wa bahari, Kyela iko chini ya mita 600, na katikati ni barabara moja ya lami inayoteremka na kupinda. Upande wa Mbeya, ukitoka Uyole unapanda mpaka Isongole, kisha unaanza kushuka Kiwira, mkono wa kushoto Mlima Rungwe umejifunika ukungu hata saa sita mchana. Mvua yetu inapita milimita 2,000 kwa mwaka. Mwezi wa nne lami hailali kavu. Barabara hiyohiyo ndiyo inayobeba ndizi, viazi, maziwa, majani ya chai, maparachichi, malori ya kwenda mpaka wa Kasumulu na magari ya IT, yaani yanayopita tu nchini, yanayokimbizwa Malawi. Pikapu zikitoka mashambani zinaiachia lami tope, tope linakutana na mvua, na dereva anakutana na vyote viwili kwenye kona.

Hapo ndipo ABS inapofanya kazi yake. Kila tairi ina sensa inayohesabu mzunguko wake. Kontroli boksi linalinganisha hesabu za tairi zote nne, na likiona moja inataka kujifunga wakati gari bado linakwenda, linaachia presha ya breki kwenye tairi hiyo, linairudisha, linaiachia tena, mara nyingi ndani ya sekunde moja. Ndiyo maana ukikanyaga kwa nguvu pedali inatetemeka mguuni. Tairi isiyojifunga bado inasikia usukani, kwa hiyo unaweza kumkwepa mtoto au ng'ombe huku umekanyaga breki mpaka chini. Mercedes-Benz ndiyo iliyoanza kuuza gari lenye mfumo huu wa kielektroniki wa Bosch mwaka 1978, na wakati huo ulikuwa kitu cha matajiri. Leo IST ya mwalimu wa sekondari inao.

Najua madereva wa Busokelo watanipinga, na wana hoja. Kwenye barabara ya vumbi, kokoto zikiwa zimelegea, gari lenye ABS huchukua nafasi ndefu zaidi kusimama. Tairi iliyojifunga hujirundikia udongo mbele yake na huo udongo unasaidia kulizuia gari. ABS hairuhusu hilo. Dereva anakanyaga, anasikia pedali inamgomea, gari linaendelea kuserereka mbele, na akifika nyumbani anang'oa fyuzi. Namwelewa. Lakini dereva huyo haishii Lwangwa, hukohuko Busokelo. Anatoka, anaingia lami pale Katumba akiwa na abiria, mvua inanyesha, na fyuzi iko mfukoni.

Na kuna jambo ambalo wengi hawajaambiwa. Kwenye magari mengi ya kuanzia miaka ya 2000, boksi hilohilo la ABS ndilo linalogawa nguvu ya breki kati ya tairi za mbele na za nyuma. Zamani kazi hiyo ilifanywa na valvu ya chuma iliyofungwa chini ya gari. Siku hizi valvu hiyo mara nyingi haipo. Ukiua boksi, umeua na mgawanyo. Breki za nyuma zinaweza kujifunga kabla ya zile za mbele, na gari ambalo nyuma imejifunga kwenye mteremko wenye maji halinyooki, linageuka. Kwa hiyo elewa dashibodi yako. Ikiwaka taa ya njano ya ABS peke yake, breki za kawaida bado unazo, nenda taratibu utafute fundi. Zikiwaka mbili kwa pamoja, ya njano na ile nyekundu ya breki, nawe handibreki umeshusha na mafuta ya breki yako kwenye alama, usianze kuteremka mlima na gari hilo.

Badala ya kuelezwa haya, mteja anauziwa giza. Kuna wanaochomoa balbu ya ABS kwenye dashibodi. Kuna wanaobandika solotepu nyeusi. Wajanja zaidi wanaunga waya wa taa ya ABS kwenye ile ya chaji, ili ukiwasha swichi ziwake pamoja na injini ikinguruma zizime pamoja, na mnunuzi wa gari aone kila kitu kipo sawa. Hili la tatu nimelikuta kwenye magari yaliyouzwa kwa bei nzuri tu. Anayelifanya anajua kabisa anachokificha.

Kutafuta tatizo kukoje hasa? Ilikuja Noah ya zamani ya mzee mmoja anayekusanya maziwa huko juu na kuyashusha mjini. Ameambiwa boksi limekufa, na ameambiwa laki kadhaa. Toyota za umri ule hazihitaji hata mashine: chini ya usukani kuna soketi ya kupimia, unaunganisha matundu mawili kwa kipande cha waya, yale yenye alama ya Tc na CG, unawasha swichi bila kuwasha injini, halafu unatazama taa ya ABS inavyokonyeza. Mfumo ukiwa mzima inakonyeza mfululizo bila kupumzika. Hii ilikonyeza mara tatu, ikatulia, ikakonyeza tena mara tatu. Thelathini na tatu. Kwa Toyota hizo, 31 ni sensa ya mbele kulia, 32 mbele kushoto, 33 nyuma kulia, 34 nyuma kushoto. Ona kwamba mpaka hapo boksi limefanya nini: limegundua kosa, limelihifadhi, na limenionyesha kona ya gari ya kwenda kutazama. Boksi lililokufa haliwezi hayo.

Nikapiga jeki nyuma. Sensa ya kushoto, ambayo ni nzima, mita ilisoma kilo-omu moja na kitu. Ya kulia haikusoma chochote, waya umekatika mahali. Kwa nje hauonekani kukatika. Gamba lake la mpira zima kabisa, limepakwa tope la miaka. Lakini nikiufuata kwa vidole kutoka kwenye tairi kuja ndani ya bodi, pale unapojikunja kila gari likiruka shimo, ulikuwa umelegea kama hauna kitu ndani. Nikachana gamba kwa kiwembe. Shaba imegeuka unga wa kijani. Maji yaliingia kwenye kitundu kidogo kisichoonekana, yakatambaa ndani ya gamba, yakaila shaba taratibu. Nikakata sehemu yote iliyooza, nikaunga waya mpya wenye nyuzi nyingi laini, nikalehemu, nikavika mpira unaojibana kwa moto, nikaufunga upya ukiwa na nafasi ya kucheza. Kuunga kwa kusokota na kufunga tepu hapa kwetu hakufiki masika yajayo.

Kisha kufuta kumbukumbu: ule waya wa kupimia ukiwa bado mahali pake na swichi imewashwa, unakanyaga pedali ya breki mara nane ndani ya sekunde tano. Taa ikaanza kukonyeza mfululizo. Nikatoa waya, nikawasha gari, taa ikawaka kidogo ikazima yenyewe.

Mzee akaniangalia. "Sasa binti, hujaniwekea spea yoyote. Unanidai ya nini?"

"Ya kupima, baba."

"Kupima nako kunalipiwa?"

Alilipa, ila kwa kuguna, na sikumlaumu. Amezoea kuona kitu. Angenikuta nimemfungia boksi la mtumba la laki kadhaa, taa ikabaki inawaka kwa sababu waya wa nyuma bado umekatika, nikamwambia "hili boksi nalo bovu, tutafute lingine", angenielewa zaidi. Mzee huyohuyo akienda hospitali analipia damu itazamwe kwanza malaria kabla hajapewa dawa, na akiambiwa hana malaria hadai pesa ya kipimo irudishwe. Kwa gari tunaona kipimo ni maneno tu.

Matokeo yake ni haya: kijana anayetoka chuo cha ufundi cha VETA akiwa anajua kutumia mita vizuri, baada ya muda mfupi mtaani anaiweka kabatini. Akipima kutwa nzima na kukuta waya, atapewa ya soda. Akisema boksi, ana chake kwa mwenye spea na ana chake kwa kufunga. Wewe ungesemaje? Mimi simtetei, naeleza tu jinsi soko lilivyomfundisha.

Vinavyowasha taa ya ABS bila boksi kuhusika ni vingi, na baadhi ni sisi mafundi tunaovileta. Kijointi cha shafti kinauzwa cha aina mbili, chenye meno ya ABS na kisicho na meno. Kisicho na meno ni rahisi, na gari linatoka gereji likiwa limepona mlio lakini taa imewaka, kwa sababu sensa haina cha kuhesabu. Magari mapya kidogo hayana meno kabisa, yana beringi yenye sumaku upande mmoja. Beringi hiyo ukiigeuza wakati wa kuipiga presi, sumaku ikatazama nje, sensa haisomi kitu. Kwa macho pande zote mbili zinafanana. Kuna kikadi kidogo kinachouzwa cha kutambulishia upande wenye sumaku, na asiye nacho anaweza kupitisha karibu na beringi kitu chepesi cha chuma akaona kama kinavutwa. Kuna tairi za saizi tofauti: mbele hivi, nyuma vile, boksi linaona tairi zinakwenda kasi tofauti na linachanganyikiwa. Kuna betri na altaneta: umeme ukishuka ABS inajizima yenyewe, na Toyota hizo zinaonyesha 41. Nimeshaona gari limeandaliwa kununuliwa boksi kumbe linadai betri.

Kuna na tatizo lisilowasha taa kabisa. Gari likikaribia kusimama, kwa mwendo wa mtu anayetembea, pedali inakoroma na breki inalegea kidogo. Dereva anadhani ni pedi. Mara nyingi ni ile ringi ya meno imepasuka kwa kutu iliyojaa chini yake, au imejaa uchafu, na sensa inaruka jino moja kila mzunguko; boksi linadhani tairi imejifunga na linaachia breki wakati hupaswi kuachiwa. Hili linapatikana kwa tochi na brashi ya waya.

Na ombi kwa wachomeleaji wetu, ambao Mungu awape nguvu kwa chesisi zote wanazoziokoa: kabla ya kuchomelea gari, toa waya kwenye nguzo za betri. Moto wa kuchomelea ukipita kwenye bodi huku betri imeungwa, unaweza kuunguza boksi lolote lililo njiani. Hapo ndipo boksi linakufa kweli, na anayelaumiwa ni mvua.

Kwa sababu yapo yanayokufa. Sitaki nieleweke kwamba boksi haliharibiki. Ililetwa sedani moja ya Ulaya ya mtumishi wa serikali. Asubuhi taa ya ABS imezima. Akifika Kiwira, injini imeshapata moto, inawaka. Akilala, kesho imezima tena. Mashine ya kupimia ilisema kosa ni mota ya pampu ya ABS. Mtu mwenye haraka angenunua pampu. Nikapima kwa mpangilio: fyuzi nzima, umeme wa betri unafika kwenye soketi ya boksi, na unafika ukiwa umebebeshwa balbu kubwa ya kupimia, maana mita peke yake itakuonyesha volti 12 hata kwenye waya uliobaki uzi mmoja. Ethi nayo nzima. Mota nikaiunga moja kwa moja na betri, ikazunguka kwa nguvu. Umeme unaingia, pampu nzima, katikati amebaki mmoja tu. Nikalipuliza boksi kwa hewa ya moto kidogo, kosa likarudi. Hapo nikamwambia mwenye gari: sasa ndiyo, boksi.

Udhaifu huu hauko Tukuyu peke yake. Boksi la ABS mara nyingi linakaa chini ya boneti, limebanwa kwenye chuma cha valvu, linapikwa na injini na kutikiswa na barabara. Kwenye Volvo 850 za miaka ya 1990, lehemu inayoshika pini kubwa za ndani ilijulikana dunia nzima kwa kupasuka; kwenye baadhi ya maboksi ya Bosch yaliyoingia BMW, Audi na Volkswagen za mwishoni mwa miaka hiyo, vinavyokatika ni vijiwaya vya alumini vinavyounganisha saketi na pini. Tofauti ya haya mawili ndiyo inayoamua kama fundi wa wilayani aguse au asiguse. Lehemu iliyopasuka naiweza: nakata kifuniko kilichogandishwa kwa gundi, kwa blade nyembamba, milimita chache tu ndani, natazama kwa kioo cha kukuzia, naona duara jeusi kuzunguka pini, nayeyusha na kulehemu upya. Vijiwaya vya alumini siviwezi, wala wewe huviwezi kwa pasi ya kulehemu. Alumini haikubali lehemu ya kawaida, na juu yake kuna jeli laini ambayo ukiitibua umeharibu na vilivyokuwa vizima. Boksi la namna hiyo linapelekwa kwa wenye mitambo ya kuunga waya hizo upya, na hao hupatikana kwenye miji mikubwa. Hilo la mtumishi nililifunga kwenye boksi la biskuti, likapanda basi.

Kwa nini nisimnunulie la mtumba? Kwanza, maboksi mawili yanayofanana kwa sura yanaweza kuwa ya magari mawili tofauti. Namba iliyoandikwa kwenye kibandiko lazima ilingane mpaka herufi ya mwisho. Pili, magari mengi ya Ulaya yanataka boksi jipya lifundishwe kwa mashine kwamba limo kwenye gari gani. Tatu, la mtumba limekaa kwenye joto miaka ileile na lina ugonjwa uleule, limetangulia au limechelewa tu. Boksi lako mwenyewe likitengenezwa linarudi na kumbukumbu zake. Na kama unatoa la kielektroniki peke yake, bila kufungua mirija ya breki kwenye chuma cha valvu, huna haja ya kutoa upepo kwenye breki. Ukifungua mirija, jiandae: upepo ukinasa ndani ya valvu hautoki kwa kupampu kwa mguu, kuna magari yanayotaka mashine iamuru valvu zifunguke moja moja.

Likirudi, kifuniko kinagandishwa kwa silikoni kuzunguka pote, na mtu asifanye uvivu hapo. Mvua yetu inatafuta tundu. Kisha majaribio. Mimi naenda kwenye kipande cha barabara kisicho na watu, lami ikiwa imelowa, mwendo wa kilomita 40 kwa saa, nakanyaga mpaka chini. Pedali ikitetemeka na gari likanyooka, nimemaliza. Kukabidhi gari kwa kuwa taa imezima, bila kukanyaga breki hizo, ni kumfanya mteja ndiye mjaribu wa kwanza.

Kuhusu zile mashine ndogo zinazochomekwa na kuongea na simu: zinafaa, ni rahisi, lakini nyingi zinasoma injini tu. Mtu anachomeka, simu inamwambia hakuna kosa, anaamini ABS ni nzima au anaamini boksi limekufa kwa sababu "haliongei". Mashine inayosoma ABS ya magari mengi ni ghali, na hapa narudi kwenye pesa. Hakuna atakayenunua mashine hiyo wilayani kama kuitumia ni bure.

Upande wa ukaguzi nako tumelala. Ikija Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani magari yanakaguliwa na kubandikwa stika. Wanatazama taa za mbele, indiketa, tairi, handibreki, pembetatu za tahadhari. Sijaona mkaguzi akikaa kwenye kiti cha dereva na kuwasha swichi ili atazame taa ya ABS inafanya nini. Ni kipimo cha sekunde chache na hakihitaji chombo: swichi ikiwashwa taa lazima iwake, kisha izime yenyewe. Isipowaka kabisa, kuna mtu ameizima. Isipozima, kuna kosa. Ikiganda na taa ya chaji, iwake nayo na izime nayo, kuna mjanja. Huko Japani magari haya yanakotoka, gari lenye taa ya ABS inayowaka halipiti ukaguzi. Uingereza vilevile, linafeli. TBS inasimamia ukaguzi wa magari ya mtumba yanayoingia nchini, na ni vizuri. Lakini gari likishaingia linakaa nasi miaka 15, na miaka yote hiyo hakuna anayeiuliza taa ile tena. Kwa magari ya abiria, LATRA, inayosimamia usafiri wa ardhini, ingeweza kuanza mwezi ujao kama ingetaka.

Nasikia tayari madereva wakisema: umewapa trafiki sababu nyingine ya kutusimamisha. Hofu hiyo ina mizizi, siidharau. Ndiyo maana sitaki iwe faini ya barabarani. Iwe kwenye ukaguzi wenyewe, iandikwe kwenye fomu, mwenye gari binafsi apewe siku 14 arudi na karatasi ya fundi. Gari la abiria lisipewe stika mpaka taa ifanye kazi. Na gari ambalo halikutengenezwa na ABS, kama Hiace nyingi za zamani, lisisumbuliwe kwa kitu lisichokuwa nacho.

Kwa mafundi wenzangu, walio Tukuyu, Kiwira, Ushirika na hata Kyela: tukubaliane bei ya kupima, iandikwe mlangoni, ilipwe hata kama mteja hanunui spea. Wapo walionicheka kwamba wateja watakimbilia kwa anayepima bure. Wanakimbia kweli, sikatai. Ila anayepima bure analipwa mahali pengine, na anayemlipa ni muuza maboksi.

Nawe mwenye gari, kabla hujatuma pesa ya kontroli boksi, mwambie fundi akuandikie vitu vitatu kwenye karatasi: namba ya kosa aliyoisoma, mita ilisoma ngapi kwenye tairi yenye kosa, na ilisoma ngapi kwenye tairi nzima ya upande wa pili. Kama kosa ni la pampu, akuandikie umeme ulikuwa volti ngapi kwenye soketi ukiwa umebebeshwa mzigo, na pampu ilizunguka au haikuzunguka ilipoungwa na betri. Fundi aliyepima atakuandikia hapohapo akiwa amesimama. Asiyeweza kuandika hajapima, na pesa yako ya boksi ibaki mfukoni mpaka apime.